Lugha ya Viraka: Kihispania, Don Quixote na Sisi wa Kilwa

Mwezi mmoja baada ya mavuno ya ufuta nilikaa barazani hapa Tingi pamoja na wazee, na kati yetu alikuwapo kijana aliyerudi kutoka mjini, mtu wa elimu nyingi kuliko mimi. Akasema neno lililonichoma kama mwiba: "Mwalimu, Kiswahili chenu hiki si lugha, ni kanzu ya maskini. Kiraka hiki cha Mwarabu, kile cha Mreno, na kile cha Mhindi. Vifumue viraka, utabaki na nini?" Wazee walicheka, nami nikacheka nao, lakini kwa kweli sikuwa na jibu, na usiku ule sikulala vema.

Siku zile nilikuwa nikisoma kitabu cha Kihispania kilichofasiriwa kwa Kiingereza, jina lake Don Quixote. Nilikisoma kwa taa, kurasa chache kila usiku, kwa maana ni kitabu kinene mno. Polepole nikaona ya kuwa jibu la yule kijana limo mle ndani, na pamoja na jibu limo karipio langu mimi mwenyewe. Ndiyo sababu naandika.

Kwanza niseme kidogo habari za lugha yenyewe. Kihispania ni miongoni mwa lugha kubwa za ulimwengu. Watu karibu milioni 500 wameinyonya pamoja na maziwa ya mama zao, nayo ni lugha ya serikali katika nchi zipatazo 20, tangu Hispania yenyewe mpaka Meksiko, Peru na Chile. Hata bara letu lina nchi moja ya namna hiyo, Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru wake tarehe 12 Oktoba 1968 na kukishika Kihispania kama sisi tulivyokishika Kiingereza mahakamani zamani. Mtu akisikia ukubwa huo hudhani kwamba lugha kama hiyo lazima iwe nguo ya kitambaa kimoja, isiyo na kiraka. Sivyo hata kidogo.

Mwaka wa 711 Waarabu na Waberberi walivuka bahari nyembamba kutoka Afrika wakaingia Hispania, na utawala wa Waislamu haukuisha kabisa mpaka mji wa Granada ulipotwaliwa mwaka wa 1492. Muda wa karibu miaka 800 ni mrefu. Watu huuziana, huoana, hugombana, huazimana vyombo. Wataalamu huhesabu maneno kama 4,000 katika Kihispania yaliyotoka katika Kiarabu, pamoja na yale yaliyozaliwa kwayo. Nami nilipoyatazama baadhi yake nilishangaa kama mtu aliyekutana na jamaa zake ugenini. Sisi twasema "hata jioni"; Mhispania asema hasta. Sisi twamtaja mtu fulani. Yeye asema fulano. Sukari yetu ni azúcar yake, zafarani ni azafrán, narinji ni naranja, na msikiti ni mezquita. Robo yetu kwake ni arroba, nayo ni kipimo cha uzito, kwa sababu ilikuwa robo ya mzigo. Hata waziri yumo, lakini yeye amepatwa na mambo njiani: kwao amekuwa alguacil, yaani askari wa mahakama tu, ameshushwa cheo. Na Mhispania, ajapokuwa padre, akitamani jambo kwa moyo wote husema ojalá, neno lililozaliwa katika maneno ya Kiarabu ya kumtaja Mungu na mapenzi yake, ndugu kabisa wa inshallah ya wavuvi wetu.

Sasa tazameni. Mwaka ule ule wa 1492 Mfalme Fernando na Malkia Isabel waliwafukuza Wayahudi katika nchi yao. Tena tangu mwaka wa 1609 mpaka 1614 mfalme mwingine aliwafukuza Wamorisko, ndio wazao wa Waislamu waliokuwa wamebatizwa, wengi kwa kushurutishwa. Walipakiwa merikebuni na kutupwa pwani ya Afrika ya kaskazini. Watu walikwenda, maneno hayakwenda. Mhispania aliyesimama gatini akifurahi kuwaona wakiondoka, jioni alirudi nyumbani akatia azúcar katika chakula chake.

Hapa nina neno na ndugu zangu Wakristo. Wapo kati yetu wanaoona haya kwa maneno ya Kiarabu, hudhani ni mali ya dini nyingine, na wangependa yapunguzwe katika vitabu vyetu. Nawauliza: mtaomba kwa maneno gani? Sala ni neno la Kiarabu. Imani, neema, rehema, roho, dhambi, hata Injili, ambayo ilitoka kwa Wayunani, imefika kwetu mikononi mwa Waarabu. Ondoeni hayo yote, na Jumapili mchungaji atasimama mbele yetu akiwa bubu.

Na viraka vya Wareno je? Kireno ni ndugu wa tumbo moja na Kihispania, na sisi wa Kilwa tuliwajua wenyewe mapema kuliko wengi. Mwezi wa Julai mwaka wa 1505 Francisco de Almeida alifika Kilwa Kisiwani na merikebu zake, akauteka mji na kuuteka nyara, akajenga ngome akaiita Santiago, maana yake Mtakatifu Yakobo, jina lile lile walilolipa Wahispania mji mkuu wa Chile mwaka wa 1541. Mwaka wa 1512 Wareno wakaiacha ngome ile wakaenda zao. Tena tangu mwaka wa 1580 mpaka 1640 wafalme wa Hispania walikuwa ndio wafalme wa Ureno pia, kwa hiyo Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1593, ilijengwa zamani za Mfalme Filipo wa Hispania. Walituachia nini? Meza, bendera, kasha, leso, mvinyo, na padri. Wanaocheza karata (sisemi mzicheze) hutaja kopa, shupaza, uru na pao pasipo kujua ya kuwa wasema Kireno. Na reale, ambayo wazee walihesabia mahari, ni real ya Hispania, maana yake "ya kifalme". Fedha iliyochimbwa Meksiko na Peru ilizunguka dunia mpaka ikafika katika mwambao wetu, na hata ilipokuja fedha ya Austria baadaye, sisi tuliiita kwa jina lile lile la kwanza. Lakini neno linalonifikirisha kupita yote ni gereza. Latoka katika igreja, nalo ni kanisa. Wageni walijenga nyumba ya Mungu ndani ya ngome yenye mizinga, na watu wa pwani walioitazama kutoka nje walilipokea jina lile wakalipa maana waliyoiona kwa macho yao. Hilo si kiraka. Hilo ni hukumu.

Basi nije kwenye kitabu. Mtungaji wake ni Miguel de Cervantes, aliyezaliwa mwaka wa 1547 akafa mwaka wa 1616. Alikuwa askari, katika vita vya baharini vya Lepanto, mwaka wa 1571, mkono wake wa kushoto uliharibika. Mwaka wa 1575 alikamatwa baharini akapelekwa Algiers, akakaa huko mtumwa kwa miaka mitano mpaka watawa walipomkomboa kwa fedha. Sehemu ya kwanza ya kitabu ilipigwa chapa mwaka wa 1605, na ya pili mwaka wa 1615. Hadithi yenyewe wengi wameisikia: mzee mmoja asiye tajiri alisoma hadithi za mashujaa wa farasi usiku na mchana mpaka akili ikamtoka, akajitwalia mkuki na farasi mkongwe, akatoka kwenda kuondoa dhuluma duniani. Alivipiga vita vinu vya upepo akidhani ni majitu. Nyuma yake alimfuata jirani yake mkulima, Sancho Panza, juu ya punda, kwa tamaa ya kisiwa alichoahidiwa kukitawala.

Jambo moja wasomaji wengi hulipita mbio, nami nililisoma mara tatu. Kabla tu ya sura ya tisa ya sehemu ya kwanza hadithi yakatika ghafula. Msimulizi asema alikuwa sokoni Toledo, akamwona mtoto akiuza madaftari makuukuu, nayo yameandikwa kwa herufi za Kiarabu. Akamtafuta Mmorisko amsomee. Akaambiwa ya kuwa ndiyo habari za Don Quixote, zilizoandikwa na mwanahistoria Mwarabu, Cide Hamete Benengeli. Akayanunua yote kwa nusu real, akamweka yule Mmorisko nyumbani kwake ayafasiri, na ujira wake ukawa zabibu kavu arroba mbili na ngano. Ni mzaha, bila shaka. Hapakuwa na Mwarabu wala daftari. Lakini fikirini ni mzaha wa namna gani! Mtungaji aliyekuwa mtumwa wa Waislamu kwa miaka mitano, katika nchi iliyokuwa karibu kuwafukuza Wamorisko wake, anakiita kitabu kikubwa kuliko vyote vya Kihispania tafsiri kutoka Kiarabu. Ni kana kwamba anamwambia msomaji: unajivunia lugha safi, nami nakuonyesha viraka vyake.

Na katika sehemu ya pili, iliyotoka watu wale wamekwisha kufukuzwa, Sancho akutana njiani na jirani yake wa zamani, Ricote, Mmorisko mwenye duka kijijini kwao, aliyerudi kwa siri katika mavazi ya msafiri. Kumficha mtu kama huyo kulikuwa hatari. Sancho hakumshitaki. Wakaketi chini pamoja na wasafiri wengine wakala, wakanywa, wakaulizana habari za nyumbani. Hakuna maneno makubwa katika sura hiyo, wala hakuna hotuba ya upendo wa jirani. Watu wala tu. Kwangu mimi sura hiyo ni bora kuliko vinu vya upepo.

Kitabu kina makosa, na asiyesema hivyo hakukisoma chote. Sehemu ya kwanza imeingiliwa na hadithi nyingine ndefu zisizohusu, mpaka msomaji husahau punda aliachwa wapi. Mapigo ni mengi kupita kiasi; meno ya mzee yang'oka, mbavu zavunjika, nasi twaambiwa tucheke. Katika sehemu ya pili wapo mkubwa mmoja na mkewe, matajiri wasio na kazi, wanaomwalika mzee nyumbani kwao ili wamfanyie mizaha. Mizaha hiyo ni mirefu na ya ukatili, nami sikucheka. Huenda mtungaji hakutaka tucheke. Lakini angeweza kutuambia hayo kwa kurasa nusu ya zile.

Hata hivyo katika mizaha hiyo ndimo zilimozaliwa sura tamu kabisa. Wale wakubwa walimpa Sancho mji autawale kwa siku chache, wakimwambia ndicho kisiwa chake, wapate kumcheka mkulima asiyejua kusoma akikalia kiti cha hukumu. Wakaja wazee wawili, mmoja ameshika mkongojo. Yule asiye na mkongojo akasema: nimemkopesha huyu dhahabu kumi, hataki kulipa. Mwenye mkongojo akasema: nimekwisha kumlipa, na nitaapa. Akampa mwenzake mkongojo amshikie, akaapa ya kuwa dhahabu ile ameitia mikononi mwake mwenyewe, kisha akautwaa tena mkongojo wake akaenda zake. Sancho aliinamisha kichwa, akaweka kidole puani, akafikiri. Akaagiza mzee arudishwe na mkongojo uvunjwe. Dhahabu kumi zikamwagika chini. Niliwasimulia wanafunzi wangu hadithi hiyo, na kabla sijaimaliza mmoja alisema, "Huyo ni Abunuwasi." Mwingine akasema, "Ni Sulemani." Walibishana mpaka kengele ikalia, wala sikuwazuia.

Sancho huyu ni mtu wa mithali. Akifungua kinywa humwagika mithali tano, zifaazo na zisizofaa, na bwana wake hukasirika kama mwalimu. Tena Sancho huyakosea maneno makubwa, na Don Quixote humsahihisha kila mara. Mwisho Sancho amjibu ya kuwa yeye hakulelewa katika jumba la mfalme wala hakusoma Salamanca, na si haki kumlazimisha mtu wa shamba aseme kama watu wa Toledo. Niliposoma hapo nilikifunga kitabu.

Kwa maana, wasomaji, sisi tuna Toledo yetu. Mwaka wa 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule, na mwaka wa 1930 ikawekwa kamati ya kukisimamia. Ilifaa, bila hivyo mtoto wa Lindi na mtoto wa Tabora wasingesoma kitabu kimoja. Lakini pwani hii ya Kilwa ilikuwa na Kiswahili chake, kiitwacho Kimgao, chenye maneno ambayo watu wa Unguja hawayajui, na nyuma yake wako Wamatumbi, Wangindo na Wamachinga na lugha zao. Miaka michache iliyopita msichana mmoja darasani mwangu aliandika insha juu ya mavuno ya ufuta. Ule upepo mwembamba uingiao shambani jua likiinama, wakati miganda ya ufuta imesimamishwa kukauka, aliuita kwa neno la bibi yake. Nilipiga mstari wa wino mwekundu, nikaandika juu yake "upepo wa jioni". Nilijiona mwalimu mwema. Tangu siku ile insha zake zimekuwa safi, tena zimekuwa fupi.

Wahispania nao walikuwa na wino mwekundu. Chuo chao cha lugha kilianzishwa Madrid mwaka wa 1713, na kwa muda mrefu neno la Amerika lilitazamwa kama mtoto wa mtaani. Lakini hindi bichi Meksiko huitwa elote, kwa neno la Wanahuatl, na Peru huitwa choclo, kwa neno la Waketchua, na mamilioni ya watu hawakungoja ruhusa. Mwaka wa 1951 vyuo vya lugha vya nchi hizo viliungana huko Meksiko. Leo viko 23, na cha Guinea ya Ikweta kiliingia mwaka wa 2016. Mwaka wa 2010 walitoa kamusi nzima ya maneno ya Amerika tu. Toledo imejifunza kumsikiliza Sancho, ingawa ilichukua muda.

Simsifu Mhispania kupita kiasi. Lugha yake haikuenea kwa utamu wake. Ilichukuliwa kwa upanga. Mji mkuu wa Meksiko ulivunjwa mwaka wa 1521, na lugha nyingi zilikufa pamoja na wenyewe. Padre wao Bartolomé de las Casas aliyaandika maovu hayo akayapiga chapa Sevilla mwaka wa 1552, asiogope wakubwa. Nasi tusijitakase: Kiswahili kilifika Ziwa Nyasa kwa misafara, na misafara mingi iliyotoka Kilwa Kivinje ilirudi na watu waliofungwa shingoni.

Mwaka ule ule wa 1552 kilitoka Lisbon kitabu cha João de Barros, mtu ambaye hakufika kwetu, na ndani yake mna habari za wafalme wa Kilwa alizozipata katika maandiko ya wenyeji. Zipo tena kwa Kiarabu. Nakala iliyoandikwa Unguja mwaka wa 1877 iko London. Kilwa ilikuwa na watu wa kuandika, na leo mtoto wa Kilwa akitaka kuzisoma habari za babu zake hana budi kuzitafuta kwa Mreno na kwa Mwingereza. Mtu wa Peru alifanya vingine. Garcilaso de la Vega, aliyezaliwa Cuzco mwaka wa 1539, baba yake Mhispania na mama yake wa ukoo wa wafalme wa Inka, aliitwaa lugha ya baba akaandika kwayo habari za watu wa mama, na kitabu kikatoka mwaka wa 1609. Kiraka alikishona mwenyewe. Na mwaka wa 1945 tuzo ya Nobel ya utungaji ilipewa Gabriela Mistral wa Chile, mwalimu aliyeanza kazi katika shule za vijijini, aliyetunga katika lugha ile ile aliyofundishia. Mwaka wa 2021 ilimfikia mzaliwa wa Zanzibar, Abdulrazak Gurnah, nasi tulifurahi. Lakini vitabu vyake ameviandika kwa Kiingereza, na wengi hapa Tingi bado hawawezi kuvisoma.

Mimi nimeanza kufasiri sura ile ya mkongojo na ile ya soko la Toledo, kwa ajili ya darasa langu. Kazi inakwenda polepole, tena natoka katika Kiingereza, kwa hiyo ni kiraka juu ya kiraka. Zile zabibu arroba mbili zilinishinda siku mbili. Kwa uzito, frasila ya wazee wetu yakaribia zaidi; kwa ukoo, ni robo. Niliandika frasila nikaifuta.

Yule kijana wa mjini amekwisha rudi kazini kwake, sijapata kumjibu. Yule msichana yupo, sasa ni mkubwa. Juzi nilimwita nikamwomba anitajie tena neno lile la upepo. Alifikiri kitambo, akatikisa kichwa, akasema, "Nimelisahau, Mwalimu." Bibi yake yu hai bado. Jumamosi nitakwenda shambani kwake na daftari.